Saa za Mlima Zimebadilika

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita katika ukumbi wa shule moja ya sekondari hapa Kigoma mjini, mbele ya wenyeviti wa vijiji na vitongoji vya mwambao, walimu, wanafunzi na vijana wa kokoto. Waliokosa boti siku ile wameniomba niiweke yote. Picha za ukutani nimeziacha. Hata ukumbini hazikufika nusu, umeme ukakatika, tukaendelea kwa mdomo.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wanafunzi mliokaa nyuma, msiniitikie kwa pamoja kama darasani, nimeshawaona. Na ninyi vijana wa kokoto mlioacha nyundo zenu ili mje hapa, asanteni. Najua siku bila ndoo ya kokoto ni siku bila unga, kwa hiyo nitajitahidi muda wenu usiende bure.

Mratibu aliniandikia mada kwenye barua: "Mabadiliko ya tabianchi na hatari ya maporomoko ya mawe katika maeneo ya milima." Mada ndefu kama treni ya Dar es Salaam. Nikamwambia mzee mmoja nyumbani kwetu kwamba nimeitwa mjini kuzungumzia mawe yanayoanguka. Akanitazama, akaniuliza, "Kwani yameanza lini?"

Mzee yule alikuwa na haki ya kuuliza. Sisi tunaishi kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Ziwa letu lina kina cha meta 1,470, na kule kusini, Mahale, kilele cha Nkungwe kinafika meta 2,462 juu ya usawa wa bahari. Maana yake ni nini? Mteremko wetu unaanzia gizani chini ya maji na kuishia mawinguni. Ardhi ya namna hiyo itaacha kuangusha mawe? Haiwezi. Yameanguka tangu kabla ya reli kufika hapa mwaka 1914, na yalianguka kabla hajazaliwa mtu wa kuyakwepa. Basi mtu akisimama mbele yenu akasema tabianchi ndiyo iliyoleta maporomoko, mpeni maji ya kunywa, mwambieni akae.

Mimi nina neno moja tu. Mlima una saa zake. Wazee wetu walizijua saa hizo vizuri sana. Sasa saa zimebadilika, na sisi bado tunatembea kwa zile za zamani.

Nianze na babu yangu. Shamba letu la muhogo lilikuwa juu, nyumba ikiwa chini karibu na maji. Katikati ya njia palikuwa na genge refu, jiwe jekundu, na chini yake kivuli kizuri ajabu. Kiangazi babu alituruhusu kupumzika pale. Tulitua mizigo, tukanywa maji, tukacheza. Lakini mvua zikishakolea, kuanzia mwezi wa tatu mpaka mvua zinapokata, hakuna kusimama. Tulipita pale mmoja mmoja, haraka, na hakuna kuzungumza.

Kwa nini hakuna kuzungumza? Babu alisema sauti huamsha mawe. Nikakua, nikasoma, nikajua kwamba sauti ya mtoto haiwezi kuangusha jiwe la tani mbili, nikamcheka babu kimoyomoyo kama wasomi wanavyofanya. Ilinichukua miaka mingi kuelewa. Anayenyamaza anasikia! Jiwe kubwa kabla halijashuka hutanguliza vijiwe. Utasikia cha, kimya, cha, cha, kimya. Kama unapiga soga hutasikia kitu. Babu alikuwa ametufundisha namna ya kusikiliza, akaifunga ndani ya mwiko ili tusiisahau.

Hiyo ndiyo kalenda ya babu: kiangazi salama, masika mbio.

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, mawinguni hakuna hata tone, genge lile likaachia kipande. Kikaangukia kwenye kivuli. Mbuzi wawili wa jirani yetu walikuwa wamelala pale pale tulipokuwa tukitua mizigo. Nilikwenda kuangalia. Vumbi lilikuwa bado halijatulia kwenye majani, na mwenye mbuzi alirudia swali moja tu: "Mbona si wakati wake?"

Mbona si wakati wake? Naomba mlishike swali hilo, tutalirudia.

Kwanza tuulizane jambo jingine. Jiwe lililo juu ya mteremko linakaaje miaka elfu bila kushuka? Uzito wake unalivuta chini usiku na mchana, haupumziki hata sikukuu. Kuna kitu kinalizuia. Ni msuguano na jiwe la chini yake, ni mizizi, ni udongo uliolishika miguu, na kwenye milima ya baridi ni barafu. Ukitaka kujua kwa nini jiwe limeanguka usitafute kilicholisukuma. Tafuta kilicholiachia.

Barafu ina tabia ya ajabu. Mama mmoja muuza vinywaji pale Mwanga aliwahi kusahau soda za chupa kwenye friza usiku kucha. Asubuhi akakuta chupa zimepasuka na soda imesimama yenyewe, ngumu, ina umbo la chupa. Akamlaumu aliyeleta kreti. Kreti haikuwa na kosa. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Lita 10 za maji zikiganda zinataka nafasi ya karibu lita 11, na zisipopewa zinaichukua kwa nguvu. Kwenye milima mirefu maji huingia kwenye ufa, yanaganda, yanapanua ufa, yanayeyuka, yanaingia ndani zaidi, yanaganda tena. Hivyo kwa maelfu ya miaka. Lakini barafu hiyo hiyo iliyopasua jiwe, ikikaa bila kuyeyuka mwaka hadi mwaka, inageuka gundi na kuvishika vipande visianguke. Ni mwizi aliyeajiriwa kuwa mlinzi. Hamjawahi kumwona mtu wa namna hiyo? Nisiendelee, wenyeviti wako hapa.

Sasa mlinzi anaondoka kazini.

Kule Ulaya kuna milima ya Alps, na mmoja wake unaitwa Matterhorn, meta 4,478, mpaka wa Uswisi na Italia. Waongoza wageni wa kule nao walikuwa na kalenda ya babu yao. Unaondoka usiku wa manane, unapanda kwa taa, unashuka kabla jua halijachoma ukuta, kwa sababu usiku barafu imekaza na mchana inalegea. Kanuni hiyo iliokoa watu vizazi na vizazi. Halafu ikaja 2003, kiangazi cha joto ambalo Ulaya haikuwa imeliona. Mwezi Julai kipande kikamomonyoka kwenye njia maarufu ya kupandia, wapandaji wakakwama juu, ikabidi helikopta ziwatoe. Waliotazama pale kilipotoka waliona barafu inang'aa ndani ya kidonda. Gundi ilikuwa imeonekana kwa macho, nayo inachuruzika.

Na si lazima iyeyuke yote. Barafu ikipanda joto, hata kabla ya kufika sifuri, inapoteza nguvu. Joto nalo halina haraka. Linaingia ndani ya mwamba polepole, meta kwa meta, miaka kwa miaka. Joto la kiangazi kimoja linaweza kuangusha kipande cha juu juu. Joto la miaka thelathini linafika kwenye kiuno cha mlima. Ndiyo maana siku hizi wanaona makubwa zaidi. Agosti 2017, mlima Piz Cengalo huko Uswisi ulimwaga kama meta za ujazo milioni 3 kwa mara moja, na watembea kwa miguu 8 hawakuonekana tena. Juni 2023, kule Austria, mlima Fluchthorn ulipoteza kilele chake kimoja. Kilele, ndugu zangu! Watu waliokuwa na picha ya mlima ule ukutani walilazimika kununua nyingine.

Nani alifikiri kilele cha mlima kinaweza kupitwa na wakati kama kalenda ya duka?

Najua mtasema hayo ni ya Wazungu. Haya, turudi nyumbani. Kibo, Kilimanjaro, meta 5,895. Wapagazi wa kule wanaijua njia ya magharibi iitwayo Western Breach, nao pia wana saa zao: unapita alfajiri, wakati barafu bado imeshika mawe. Tarehe 4 Januari 2006 mawe yalishuka kwenye njia ile yakawaua Wamarekani watatu na kujeruhi wengine. Njia ikafungwa karibu miaka miwili. Mawe yale yalikuwa yameshikwa na barafu iliyokuwa ikirudi nyuma. Na barafu ya Kibo, tangu 1912 ilipopimwa mpaka 2007, ilikuwa imepungua kwa kama asilimia 85. Sisi tunaililia barafu ya Kilimanjaro kwa ajili ya uzuri wake kwenye noti na kwenye kalenda za ofisini. Mpagazi anayepita chini yake akiwa na kilo 20 kichwani ana sababu nyingine ya kuililia.

Hapo ndipo umeme ulipokatika. Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mwalimu, sisi Kigoma hatuna barafu, tumesalimika!" Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka. Kisha nikawauliza vijana wa kokoto swali wanalolijua kuliko mimi.

Jabali kubwa lisilokubali nyundo mnalipasuaje?

Wakajibu kwa pamoja: tunalichoma!

Mnaona? Wanapanga magogo, pengine na tairi chakavu, juu ya jabali, wanawasha, wanaacha moto ule. Ngozi ya jabali inapata joto na kutanuka, ndani bado pamepoa, hapakutanuka. Ngozi na nyama vinagombana. Unasikia jabali linalia, ko! ko! Kisha wanaingiza mtalimbo kwenye ufa, na gamba zima linanyanyuka kama ukoko wa ugali. Wale wanaomwaga maji ya baridi juu yake wanafanya ugomvi uwe mkubwa zaidi. Vijana hawa hawajasoma fizikia ya mwamba, lakini wanaila kila siku.

Sasa wataalamu wawili wa Marekani, Brian Collins na Greg Stock, walikaa miaka mitatu na nusu wakipima gamba moja la jiwe kwenye magenge ya Yosemite, California. Gamba lina urefu wa meta 19 na unene wa sentimeta 10 tu, limeng'ang'ania ukutani. Hakuna barafu inayolishika, hakuna mtu wa kulichoma moto. Ni jua tu. Wakaona kwamba kila siku mchana gamba linajitenga na ukuta, usiku linarudi. Ufa unafunguka na kufunga hadi sentimeta moja kwa siku, kama mtu anayepumua. Na miezi ya joto kali ufa unafunguka zaidi. Wakatoa matokeo yao mwaka 2016, na yakajibu swali lililokuwa likiwasumbua watu wa kule: kwa nini mawe mengine yanaanguka mchana mkavu, jua kali, bila mvua, bila tetemeko?

Mbona si wakati wake?

Mwenye mbuzi, kama uko hapa, hilo ni jibu nusu. Siwezi kuapa kwamba jiwe lile liliangushwa na joto la miaka hii. Jiwe moja halibebi cheti cha kifo. Ninachoweza kusema ni kwamba jua peke yake linatosha kuchosha jiwe, na jua hilo limeongezewa. Miaka ya 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto zaidi ya lile la karne ya 19 kwa nyuzi 1.1 hivi, mwaka 2024 peke yake ukavuka nyuzi 1.5. Ukisikia nyuzi moja na nusu unaona ni kidogo. Mwambie mama mwenye mtoto aliyepanda kutoka 37 hadi 38 na nusu kwamba ni kidogo.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya kalenda ya babu, ile ya kiangazi salama, imeingia doa. Tuangalie ya pili: masika mbio. Hii bado ni kweli, tena imekuwa kweli kupita kiasi.

Hewa yenye joto hubeba maji zaidi, karibu asilimia 7 kwa kila nyuzi moja. Ni kama kubadilisha ndoo ya lita 20 kuwa kubwa zaidi kidogo kila mwaka, halafu ndoo ile ile ikamwagwa kwa muda ule ule mfupi. Mvua ya siku tatu inanyesha kwa jioni moja. Udongo unaolishika jiwe miguu haupati muda wa kunywa. Maji yanaingia kwenye nyufa za mwamba, yanajaa, na maji yakijaa ndani ya ufa yanasukuma pande zote mbili. Yanachukua sehemu ya uzito wa jiwe, msuguano unapungua, jiwe linakuwa kama mtu aliyevaa kandambili kwenye utelezi wa pwani ya Kibirizi.

Mnakumbuka Hanang? Tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi. Watu wa Katesh na Gendabi waliamka wakakuta mlima uko barabarani. Tope, mawe, magogo, vyote vimeshuka pamoja kutoka mlima Hanang. Walikufa watu zaidi ya 80. Mwaka ule ule, mwezi Mei, ng'ambo ya mpaka, kwenye Ziwa Kivu, vijiji vya Kalehe huko Kongo vilizolewa na maji na mawe, wakafa watu zaidi ya 400. Kivu na Tanganyika ni ndugu wa tumbo moja, Bonde la Ufa lile lile, na maji ya Kivu yanatufikia sisi kwa mto Ruzizi. Kijiji kimekaa kwenye kipande chembamba cha ardhi tambarare, ziwa mbele, mlima nyuma, korongo katikati. Nani hapa hajakiona kijiji cha namna hiyo? Nani hapa hakuzaliwa humo?

Ardhi ile tambarare ilitoka wapi? Hebu chimba choo kwenye kijiji chochote cha mwambao. Utakuta mawe yaliyoviringika, mchanga, mawe tena, udongo. Kila tabaka ni siku moja mbaya ya zamani. Korongo ndilo lililotujengea uwanja wa kujenga nyumba, na halijasema kwamba limemaliza kazi.

Na hapa kuna jambo ambalo sijaliona kwenye ripoti yoyote, nimeliona kwa macho. Ziwa lilipoanza kupanda, wote mnakumbuka, Kibirizi ikaingia maji, miembe ikasimama ziwani, nyumba za ufukweni zikaachwa. Watu walihamia wapi? Hawakuhamia angani. Katika kijiji kimoja cha kaskazini nilichotembelea, familia zilizokimbia maji zimejenga juu, mgongo wa nyumba umegusa mteremko. Nilimwuliza baba mmoja, "Hapa nyuma ya jiko lako hili jiwe limekuja lini?" Akasema, "Nimelikuta." Jiwe ukubwa wa meza. Wametoka kwenye maji wakaenda kukaa kwenye njia ya mawe, na mkewe ameanika dagaa juu ya jiwe lenyewe. Sikumlaumu. Angekwenda wapi? Lakini jiwe hilo nalo halikuota pale. Lilitoka juu, na juu kuna wenzake.

Wakati wa kiangazi kuna moto pia. Tunauwasha sisi, tusidanganyane, kwa ajili ya shamba, kwa ajili ya majani mapya, wakati mwingine kwa ajili ya panya mmoja. Kilima kinabaki cheusi mwezi wa tisa, na mvua ya kwanza ikinyesha hakuna nyasi ya kuivunja nguvu. Kule Rwenzori, Uganda, bonde la mto Nyamwamba liliungua juu kabisa Februari 2012. Mei 2013 mto ukashuka na mawe makubwa ukapita katikati ya Kilembe. Mlima mmoja, moto kwanza, mvua baadaye. Ndiyo maana mimi huwatazama kwa heshima wale wanavijiji wa kuzunguka Gombe walioanza kurudisha miti mwaka 1994 kupitia mradi wa TACARE wa taasisi ya Jane Goodall. Walidhani wanapandia sokwe. Uswisi walitunga sheria ya kulinda misitu ya milimani mwaka 1876, na mpaka leo wana msitu wanaouita wa kinga, kazi yake ni kusimama kati ya jiwe na nyumba. Mti hauzuii jabali kubwa, utavunjwa kama njiti. Lakini mawe mengi yanayoua si makubwa. Jiwe la ukubwa wa kichwa likigonga mashina matano njiani hufika chini limechoka.

Sasa niseme jambo litakaloniudhia marafiki. Siku hizi kila kitu ni tabianchi. Daraja limezolewa, tabianchi. Ukuta wa shule umeanguka, tabianchi. Mkandarasi mmoja aliyekata kilima wima kama kipande cha keki ili apitishe barabara, jiwe liliposhuka mwaka uliofuata, alisema kwenye kikao, mimi nikiwepo, kwamba "ni athari za mabadiliko ya tabianchi." Nilitamani kucheka. Tabianchi ina tingatinga?

Mwaka 1881 kijiji cha Elm huko Uswisi kilifunikwa na mlima, wakafa watu 115. Hakuna aliyekuwa anazungumzia ongezeko la joto. Walikuwa wakichimba mawe ya ubao, yale yaliyotumika kuandikia mashuleni, wakachimba chini ya mwamba mpaka mwamba ukakosa miguu. Nyufa zilionekana juu. Vijiwe vilikuwa vikianguka siku nyingi kabla. Kazi iliendelea, kwa sababu mbao za shule zilikuwa na soko zuri.

Vijana wa kokoto, sasa nazungumza na ninyi. Msiniangalie hivyo. Nimepita machimboni kwenu. Mnachimba kutoka chini, kwa sababu chini ndiko karibu na barabara, na lori halipandi. Juu yenu panabaki paji la uso la mwamba limetokeza, na chini yake ndipo mama anakaa na mtoto mgongoni akiponda. Sitawaambia mwache kazi, sina unga wa kuwapa. Anzeni juu, mshuke kwa ngazi. Na mama wa kuponda akae mbali na ukuta, kivuli atengenezewe kwa turubai, asikitafute chini ya mwamba. Jua na mvua vilishaanza kulegeza; ninyi mkiongeza mtalimbo chini, mnasaidia upande usiofaa. Tetemeko nalo lipo. Waliokuwa hapa mchana wa tarehe 5 Desemba 2005 wanajua, ziwa lilitikisika kwa kipimo cha 6.8. Yote hayo yanawekeza kwenye akaunti moja.

Mtu ataniuliza: basi tufanye nini, tuhame mlima? Nitawapa kisa kimoja cha mwisho, halafu nishuke.

Uswisi kuna kijiji kinaitwa Blatten. Mei 2025 watu waliona mlima ulio juu yao, Kleines Nesthorn, unamwaga mawe kila siku juu ya barafu iliyo chini yake. Wakapima mwendo wake. Tarehe 19 Mei watu wote, kama 300, wakaambiwa watoke, na mifugo yao. Kuna ng'ombe mmoja aliyeumia mguu walimtoa kwa helikopta. Hapo wafugaji wa Uvinza najua mnaguna. Siku tisa baadaye, tarehe 28, barafu ikashindwa kubeba mzigo, vyote vikashuka pamoja, kijiji kikafunikwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyekufa, aliyekuwa nje ya eneo lililohamishwa. Wataalamu wenyewe ni waangalifu kusema ni kiasi gani cha lawama ni cha joto. Lakini hesabu ya watu waliobaki hai haihitaji uangalifu.

Mtasema wale wana rada na helikopta. Kweli. Lakini rada inapima nini? Inapima kama ufa unapanuka na kwa kasi gani. Basi.

Mwezi wa kumi mwaka jana nilikwenda na walimu wawili na watoto wa darasa la tano kwenye genge la babu. Juu ya pale palipomeguka kuna ufa mwingine, unaingiza kiganja. Tulipiga misumari miwili ya inchi nne, mmoja upande huu wa ufa, mwingine upande ule, tukaishikiza kwa saruji kidogo iliyobaki kwenye ujenzi wa choo cha shule. Tukaipaka vichwa rangi nyekundu. Mtoto mmoja akapima kwa rula ya chuma kati ya msumari na msumari, mwingine akaandika kwenye daftari: tarehe, saa, jua au mvua, milimita. Kila wiki mara moja, asubuhi na tena saa nane mchana, wawili wawili na mwalimu, na anayebaki chini kazi yake ni kunyamaza na kusikiliza. Tukakubaliana na mwenyekiti wa kitongoji: milimita tano zikiongezeka kwa wiki moja, njia inafungwa na watu wanazungukia kwa msikitini, hata kama ni mwendo wa nusu saa zaidi, hata kama ni siku ya soko.

Daftari ninalo hapa. Wiki za mwanzo asubuhi na mchana zilitofautiana kidogo, ufa ukipumua kama ule wa Yosemite, mpaka mtoto mmoja akaniuliza kama jiwe lina mapafu. Mvua zilipoanza, likaacha kurudi lilikotoka. Tangu mwezi wa kumi mpaka kipimo cha wiki iliyopita limesogea milimita tatu. Juzi ilinyesha usiku kucha, na leo ni siku ya kupima. Mwalimu wa zamu kanitumia ujumbe kabla sijapanda hapa jukwaani: mvua imekata, wanaondoka sasa hivi, rula wanayo.